Milio Mitatu ya Lori la Maji

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana, nikapewa jembe jipya na hotuba ndefu, nikarudi nyumbani Lupaso. Hotuba nimeshaisahau. Jembe limeshaanza kazi. Vijana niliowaacha karakana wameniomba niwaandikie yale niliyoyaona, na nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisiulizwe habari za vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, na faili lina panya wake. Mimi nitaandika habari za injini na watu wake, hasa lori moja lililonifundisha adabu nilipodhani nimeshafuzu.

Nilianza kazi Masasi, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, ingawa sisi wenyewe hatukujua kuwa ni ya mwisho. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimeshafundishwa useremala misheni. Useremala ni kazi nzuri, lakini mbao haisemi. Ukiikata vibaya inakaa kimya hadi siku mtu atakapokalia kiti. Nilitaka kazi inayojibu.

Fundi mkuu wa karakana ile aliitwa Fundi Mkwanda, mtu mfupi, shingo nene, aliyekwenda vitani Burma akarudi na ujuzi wa malori na kikohozi. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na masikio?"

"Nimekuja nayo."

"Basi mikono kaiweke mfukoni."

Akanipa kipande cha mpira wa bomba, urefu wa mikono miwili. Ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye injini. Siku nzima nilizunguka magari matatu yaliyokuwa yananguruma uani, nikisikiliza pampu, kabureta, valvu, bomba la moshi, bila kugusa hata bolti. Jioni akaniuliza gari la kati linaumwa nini. Nikasema linapumua vibaya upande wa kushoto. Akasema, "Kesho toa mkono mmoja." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira, nyingine ilikuja baadaye na mhuri.

Ninyi leo mna vipimo vizuri, na sina kinyongo navyo. Sisi tulikuwa na wembe wa kunyolea uliochakaa, ambao Fundi Mkwanda aliutumia kupima mwanya wa pointi, vile vidole viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ili plagi ipate cheche. Mwanya wa wembe mmoja ni mdogo mno, wa nyembe mbili ni mkubwa mno, na katikati ya hapo ndipo pa fundi. Tulikuwa na tupa, msasa, brashi ya waya, na pumzi zetu. Pumzi ilikuwa ya kupulizia jeti ya kabureta, kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Ole wako ukichokonoa jeti kwa waya! Niliona mtu mzima akifukuzwa kwenda kufagia uwanja wiki nzima kwa kosa hilo, na akafagia bila kubisha.

Kuhusu injini inayolipuka, yaani ile inayopiga kama bunduki njiani na kuwatawanya kuku, Fundi Mkwanda alikuwa na maswali mawili. "Usikimbilie boneti," alisema. "Muulize dereva: linalipuka mbele au nyuma? Tena: linalipuka tambarare au mlimani?" Likilipuka mbele, kwenye kabureta, mara nyingi injini ina njaa ya petroli, au moto unawaka wakati mlango wa valvu haujafungwa. Likilipuka nyuma, basi petroli ambayo haikuungua ndani imekimbilia kwenye bomba la moshi na kuwakia huko, kwa hiyo tafuta moto unaokosekana, yaani plagi, waya, pointi, au taimingi ya kuwaka kwake. Hilo la mbele na nyuma nililishika siku ileile. Hilo la tambarare na mlimani nililiona la nyongeza tu, kama chumvi ya kuonjea.

Baada ya miaka miwili nikapelekwa Newala, juu uwandani, kuwa fundi peke yangu kwenye karakana ndogo ya serikali. Fundi Mkwanda alinisindikiza hadi kwenye gari na kunikabidhi ule mpira wake. Nikaufunga kwenye shati kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. Mkubwa wangu huko alikuwa Mzungu aliyesimamia barabara na magari. Jina lake halisi limenitoka. Sisi tulimwita Bwana Sasahivi, kwa sababu ndilo neno la Kiswahili alilolijua kuliko yote.

Anayekwenda Newala leo na kufungua bomba hawezi kuelewa maji yalikuwa nini kule juu siku zile. Ardhi ya uwanda inanywa mvua yote na haibakizi kitu. Huchimbi kisima ukakuta maji, chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Wanawake walishuka na mitungi kabla jua halijachomoza, wakapanda nayo jua likiwa utosini. Mke wangu, Mama Siwema, alizaliwa kulekule, na alianza kushuka bondeni akiwa na miaka saba. Mtu wa namna hiyo akiona chombo kimekaa kitupu wakati wa mvua anaumwa kichwa.

Nyuma ya karakana palikuwa na mapipa ya petroli. Yalikuja yamejaa kutoka pwani, na yakiisha yalingoja lori la kuyarudisha yakajazwe tena. Mvua zilipoanza, Mama Siwema alisimama mlangoni akayatazama.

"Baba Siwema, lile pipa limekaa tupu, na mvua inamwagika chini. Nawe unaitwa mwenye akili?"

"Hilo ni pipa la serikali."

"Na mvua ni ya nani?"

Nililiviringisha pipa hadi chini ya bati la nyumba yetu, nikakata kibuyu kikawa faneli, nikakichomeka kwenye tundu la pipa. Mama Siwema akachora msalaba wa chokaa ubavuni ili majirani wajue ni lake. Maji yalinuka petroli kidogo, kwa hiyo hatukuyanywa, ila yalifua nguo na kumwagilia mboga msimu mzima. Mvua zilipokwisha na lori la kukusanya mapipa likaja, nililipindua, maji yakamwagika, likaacha kudondosha, nikalisukuma mstarini pamoja na wenzake. Dereva alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko yeye.

Sasa lori lenyewe. Lilikuwa na tangi kubwa mgongoni, nalo lilishuka kila siku bondeni kuteka maji ya zahanati na ya boma. Dereva wake alikuwa Baba Bahati, Mmakonde mrefu, mpole, aliyekuwa akilisemesha gari lake anapolipandisha mlima, "Haya mama, haya mama," kama anayemsindikiza mjamzito. Kijiji chake kilikuwa palepale njiani, kwenye kona ya tatu ya mlima. Alinizidi umri, lakini aliniita fundi na nilimwita kaka, tukapatana sana.

Mwaka ule, baada ya mavuno, mwanawe Bahati aliingia jandoni. Wale wavulana walikaa porini kwenye kambi yao, likumbi, na mama zao hawakuruhusiwa kuwaona wala kuuliza habari zao. Baba anaweza kujua mawili matatu, mama hajui hata moja. Anapika chakula kinachukuliwa, basi. Anabaki kuhesabu siku na kutega sikio, maana kwa desturi ya kijiji kile habari ililetwa na bunduki. Siku wavulana wote wakishapona na kuwa tayari kutoka, wazee walipiga gobori mara tatu pale ukingoni mwa mlima. Kabla ya milio mitatu, hakuna mama anayelala usingizi mzima.

Katikati ya hayo ndipo lori la Baba Bahati lilipoanza kuumwa.

Alikuja jioni moja, akalizima, akashuka polepole. "Fundi, mama huyu anakohoa. Mbele anapiga chafya, halafu nikibadili gia anapiga bunduki nyuma."

Mbele na nyuma, vyote viwili! Nilifurahi, nasema kweli. Fundi kijana hufurahia ugonjwa mzito, kwa sababu bado hajafikiria mgonjwa. Nikafungua plagi, nikazipiga brashi. Nikapima pointi kwa wembe. Nikazifuata nyaya moja moja, nikakuta mbili zinakaribiana mno, nikazitenganisha. Nikasogeza taimingi kidogo. Nikaliwasha, nikaliendesha kuzunguka uwanja wa boma mara tano, na uwanja wa boma ni tambarare kama sinia. Liliimba. Nikamwambia Baba Bahati, "Limepona." Yeye akamwambia Bwana Sasahivi kuwa limepona. Swali la pili la Fundi Mkwanda lilikuwa limelala mahali fulani kichwani mwangu, na sikuliamsha.

Kesho yake Baba Bahati akashuka bondeni, akajaza tangi, akaanza kupanda. Kona ya kwanza likakohoa. Kona ya pili likakohoa zaidi. Kona ya tatu, chini kidogo ya kijiji chake, akabadili gia, na lori likapiga: pu! Akakanyaga tena: pu! Tena: pu!

Kisha likanyamaza na kupanda vizuri.

Alinisimulia mwenyewe yaliyofuata, na hakutaka kunitazama usoni. Vigelegele vilianza nyumba ya kwanza vikaenda hadi ya mwisho. Wanawake walitoka mbio, wengine na miko mikononi, wengine wamejipaka unga usoni wa kupokelea watoto. Mbele yao wote alikuwa Mama Bahati, amevaa kanga mpya aliyokuwa ameifungia sandukuni kwa siku hiyo. Akalikuta lori la mumewe limesimama barabarani, moshi unatoka nyuma. Akasimama. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Ni gari," Baba Bahati alimwambia.

Mama Bahati alifuta unga usoni kwa upindo wa kanga, akarudi ndani. Na tangu siku hiyo hakusema naye.

Wazee walikasirika vibaya. Milio ile ni yao, na kuipiga kabla ya wakati ni mkosi kwa watoto ambao bado wana vidonda. Walipanda hadi boma wakalalamika. Bwana Sasahivi aliwasikiliza kwa heshima, nakiri, kisha akatuita mimi na Baba Bahati ofisini. Alikuwa ameshasikia maneno mengine pembeni, maana watu hawakosi maneno. Eti madereva wanauza petroli njiani na kujazia chochote wanachokipata.

"Jumamosi nitapanda nanyi," alisema. "Gari lipige tena mara moja, dereva ataacha ufunguo hapa mezani. Sasa hivi fanyeni kazi."

Tulitoka nje. Baba Bahati alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mtoto atatoka likumbi," aliniambia, "atamkuta baba yake amefukuzwa kwa uongo wa bunduki. Jina hilo halitaniacha, fundi. Wala yeye halitamwacha."

Ilikuwa Alhamisi. Nilimtazama Mama Siwema akianua nguo, na ndipo nikasikia kichwani sauti ya Fundi Mkwanda na kikohozi chake: tambarare au mlimani? Mimi nilikuwa nimelipima gari la mlimani kwenye uwanja wa boma. Ni sawa na kumpima mtu kikohozi cha usiku saa sita mchana.

Ijumaa asubuhi nilitoa boneti ya lori nikaiacha karakana. Tukashuka, tukajaza tangi, na wakati wa kupanda nikajilaza juu ya bawa la gurudumu la mbele, mkono mmoja umeshika taa, mwingine umeshika mpira, ncha yake kwenye kabureta. Sipendekezi kwa yeyote mwenye watoto. Kona ya kwanza, likaanza kukohoa. Nikasikia kwenye mpira mlio mkavu, kama mtu anayevuta maji kwa mrija na kikombe kimekwisha.

"Vuta choki!" nikapiga kelele.

"Injini i moto!"

"Vuta!"

Akavuta, hewa ikabanwa, petroli ikazidi. Kikohozi kikakatika palepale, injini ikakaza ikapanda. Akairudisha choki, kikohozi kikarudi. Vijana, hilo liandikeni: choki ikimtuliza mgonjwa aliyepata moto, msipoteze muda na nyaya. Ana njaa ya petroli. Zile bunduki za nyuma zilikuwa ni petroli iliyokosa kuungua wakati injini inakatikakatika. Ugonjwa ulikuwa mmoja, unasemea midomo miwili.

Tukasimama, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Niliteremsha bakuli la kabureta nikalimwaga kwenye sahani ya bati ya chakula changu. Chini ya petroli palikuwa na matone ya mviringo, yanayokimbiakimbia, yasiyotaka kuchanganyika. Kwenye tambarare yalikaa chini bila kumdhuru mtu. Mlimani, injini ilipodai mafuta mengi, yalivutwa yakaziba jeti. Kwenye pampu palikuwa na kikombe cha kioo zamani, ambacho kingetuonyesha mapema, lakini kilivunjika nami nikatengeneza kingine cha bati. Nilikisifu sana kile cha bati.

"Maji!" nikasema. Nilikuwa nacheka kwa furaha.

Baba Bahati hakucheka. Aliitazama sahani. "Basi nimekwisha," alisema. "Dereva wa lori la maji, na maji yako kwenye petroli. Bwana atasema nimeuza ya serikali nikajazia ya mgongoni. Hata mimi ningesema hivyo."

Sikuwa nimefikiria hilo. Tulikuwa tumeukamata ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa shahidi dhidi yake.

"Fundi," akasema polepole, "huwezi kusema ilikuwa waya?"

Naweza, nilifikiri. Nisafishe tangi, nikaze waya mmoja, niseme ni huo, na lori halitapiga tena. Nani atauliza? Nikamwambia nitaona. Tukapanda na choki nje kidogo, taratibu, tukipita kona ya tatu kama wezi. Halikupiga.

Karakana nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa ambamo tulikuwa tukichota petroli ya lori wiki zile mbili. Nilitumbukiza mpira hadi chini kabisa, nikaziba ncha kwa kidole, nikautoa, nikamwaga kwenye sahani. Matone yaleyale. Nikalisogeza ili nilione ubavu wake.

Palikuwa na msalaba wa chokaa. Ulikuwa umefifia, lakini mkono wa mke wangu naujua.

Nikakaa chini. Pipa lilikuwa limesafiri hadi pwani, limejazwa, limerudi kwangu mwenyewe na zawadi niliyoliachia. Sasa kusema "waya" kungetuokoa wawili, yeye na mimi. Ila gari la zahanati nalo lilijaza kwenye pipa hilohilo, na lilikuwa literemshe mgonjwa Jumatatu. Nilikuwa bado nimekaa chini nikijishauri, na aibu naisema wazi, nilijishauri zaidi ya ilivyopasa, nikaona viatu vya Bwana Sasahivi mbele yangu.

Alichukua sahani. Akaigeuzageuza juani. "Maji," alisema. "Sasa hivi, mwite dereva."

Baba Bahati alikuwa amesimama kando ya lori lake, anasikia. Aliweka mkono mfukoni akatoa ufunguo.

Nikasimama. "Bwana, si dereva. Ni mimi. Pipa hili lilikuwa kwangu."

Nilieleza yote, mvua, kibuyu, chokaa, haraka yangu. Kiswahili chake hakikutosha na Kiingereza changu kilikuwa cha spana, kwa hiyo nikaona bora nimwonyeshe. Nilichukua pipa tupu, nikatia debe moja la maji kutoka kwenye lori, nikalipindua. Maji yakatoka, yakaacha hata kudondosha. Yeyote angeapa ni kavu. Lakini tundu la pipa lina mdomo ulioingia ndani, na nyuma ya mdomo ule maji hubaki siku zote. Nikalilaza, nikampa Bwana mpira wa Fundi Mkwanda. Akauweka sikioni, Mzungu mzima amechuchumaa vumbini, nami nikalitikisa pipa.

Akasikia. Mimi niliyefundishwa kusikiliza kabla ya kugusa, siku ile ya haraka sikuliwekea pipa sikio.

Bwana Sasahivi aliinuka, uso mwekundu. Nilingoja maneno. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, upande wa nyumba yake. Sisi nasi tukageuka. Chini ya bati la nyumba ile, kandokando ya maua ya mkewe, yalisimama mapipa mawili ya petroli ya serikali, kila moja na faneli yake safi. Za kwake hazikuwa za kibuyu, hilo namsifu.

Baba Bahati alikohoa kidogo, kikohozi cha kabureta.

"Mapipa yote," Bwana akasema mwishowe, "yatapimwa. Yote." Akarudisha mpira mkononi mwangu. Kisha akamgeukia Baba Bahati, akauelekezea kidole ufunguo wake. "Weka mfukoni."

Adhabu yangu ilikuwa kumwaga kila tangi na kuchuja kila pipa kwa ngozi laini, nikianza na lori la maji, siku tatu, na sijawahi kufanya kazi kwa moyo mweupe namna ile. Nilimwomba Baba Bahati msamaha. Akanitazama.

"Siku zote hizi mke wangu hanisemeshi," alisema, "kumbe ni nguo zako zilikuwa zinafuliwa!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi ya lori. Jioni Mama Siwema alichukua mtungi wa maji kichwani, akashuka kwa miguu hadi kona ya tatu kumwangukia Mama Bahati. Walichozungumza sijui. Mtungi ulirudi na mihogo ndani.

Jumamosi tulipanda na maji, Bwana Sasahivi mwenyewe amekaa katikati yetu. Lori lilipita kona zote tatu kimya. Bibi mmoja wa kijijini, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi akasikiliza, kisha akatupigia kelele, "Leo hamna habari?" Baba Bahati akamjibu, "Leo hamna, bibi!" Na ilikuwa mara ya kwanza kusikia jibu hilo likisemwa kwa furaha.

Zikapita kama wiki tatu. Nilikuwa nimeshuka naye bondeni kutazama pampu ya kuvutia maji, tunarudi, tangi limejaa. Chini ya kona ya tatu akasimama kuondoa jiwe barabarani, akazima injini. Ndipo tukasikia: pu!

Niliruka nje kabla sijafikiri. Mkono mmoja ulikuwa kwenye komeo la boneti, spana mkono wa pili.

Pu!

Boneti ilikuwa bado ya moto, lakini haikutikisika. Injini ilikuwa imezimwa. Nikamtazama Baba Bahati. Alikuwa amesimama barabarani amekumbatia lile jiwe, mdomo wazi, anangoja.

Pu!

"Kaka," nilimwambia, "si gari."

Aliliachia jiwe, nusura limponde mguu. Vigelegele vilishuka kutoka juu, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na safari hii havikukatika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akanitupia ufunguo, akapanda mlima kwa miguu akikata moja kwa moja porini, mtu wa umri ule, akikimbia.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kuendesha lori lile barabarani. Nililiendesha. Nililisimamisha pale kijijini, na kwa kuwa watoto waliotoka likumbi huogeshwa kabla ya kuvikwa nguo mpya, na maji yako mgongoni kwangu, nilifungua bomba la tangi nikawajazia madebe hadi wazee waliponiambia basi. Nilimwona Bahati kwa mbali, amenyolewa, mwembamba, mzima. Mama yake alikuwa na ile kanga, na unga usoni mzito zaidi ya wote. Alipopita karibu na lori alilipiga bawa lake kofi moja, la kulisamehe nadhani.

Nilifika boma nimechelewa, tangi limepungua. Ilinibidi niandike sababu kwenye daftari la gari. Kisha nikaandika: "Kona ya tatu. Milio mitatu imesikika. Injini haina kosa." Bwana Sasahivi akasoma, akatazama dirishani kuelekea mlimani, akatia sahihi.